Mwili Ukikataa Dawa, Askari Asinyamaze

Tangu siku yake ya kwanza katika mafunzo, askari hufundishwa kutii amri, kuvumilia maumivu na kutolalamika. Mafunzo hayo ni mema, wala hatuna nia ya kuyapinga. Jeshi lisilo na utii ni kundi tu la watu wenye bunduki, na polisi asiyeweza kuvumilia jua na mvua hawezi kulinda maisha na mali ya raia. Hata hivyo, liko jambo moja ambalo ndani yake uvumilivu si ushujaa, na kunyamaza si utii. Jambo hilo ni pale mwili wa askari unapoikataa dawa aliyopewa.

Twalisema jambo hili kwa sababu tumeliona kwa macho yetu. Miaka kadhaa iliyopita tulifahamiana na konstebo mmoja wa polisi, ambaye jina lake na kituo chake hatutavitaja. Kila alipopatwa na homa au kuharisha, alikwenda dukani akanunua vidonge vya Septrin, ambavyo watu wengi huvinunua kama wanunuavyo chumvi. Mara ya kwanza alitokwa na baka jeusi la mviringo, ukubwa wa sarafu, juu ya mdomo. Baka liliwasha, likachubuka, likapona, likaacha alama. Mara ya pili baka lile lile lilirudi pale pale, na jingine likatokea katika sehemu za siri. Mkewe alipoliona alipandwa na hasira, akaamini kwamba mume wake ametembea nje ya ndoa. Wenzake kambini wakamcheka. Yeye mwenyewe, kwa aibu, hakwenda kwa mganga wa kikosi. Alijitibu kaswende asiyokuwa nayo, kwa sindano alizodungwa na mtu asiyekuwa na cheti chochote, na juu ya sindano hizo akaongeza vidonge vile vile vya Septrin ili apone upesi.

Siku ya nne midomo yake ilikuwa imechubuka yote, hawezi kula ugali wala kunywa chai. Ndipo alipopelekwa hospitali, na daktari akamwuliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza: “Kabla ya haya kukupata, ulikunywa dawa gani?” Katika swali hilo ugonjwa wote ulifumbuliwa. Daktari alimwita mkewe akawaeleza wote wawili kwamba mabaka yale hayakuletwa na mwanamke yeyote, bali na dawa ya jamii ya salfa ambayo mwili wa mume haupatani nayo. Kwamba kila ainywapo, baka hurudi mahali pale pale kama mtu arudiye nyumbani kwake. Konstebo yule aliachana na dawa za salfa, na mabaka hayakurudi tena. Lakini ndoa yake ilikuwa imekwisha kufika ukingoni kwa ajili ya vidonge vichache.

Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hili kabla ya madaktari wa kisasa. Chakula ambacho mtu hujizuia nacho kwa kuwa kitamdhuru, ijapokuwa wenzake hukila wakashiba, walikiita mzio. Leo neno hilo hilo ndilo tulitumialo kwa hali ambayo wataalamu wa Ulaya huiita aleji, jina lililotungwa mwaka 1906 na daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet. Alikuwa amewaangalia watoto waliodungwa dawa iliyotengenezwa kwa maji ya damu ya farasi ili kuwaponya ugonjwa wa dondakoo. Baadhi yao, siku chache baada ya sindano, walipatwa na homa, vipele na uvimbe wa viungo. Dawa ilikuwa njema, na ugonjwa ulitibiwa. Lakini mwili uliipokea dawa kama adui.

Askari wanaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi kuliko watu wengine. Mwili una walinzi wake, ambao kazi yao ni kuvitambua vijidudu na kuviangamiza. Mara nyingine mlinzi hukosea. Humwona mwenzake aliyerudi kutoka doria, asimtambue, akampiga risasi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mzio wa dawa. Tena walinzi hawa hujifunza. Mara nyingi dawa ya kwanza hupita salama, ila mwili huiwekea alama. Inapokuja mara ya pili au ya tano, ndipo vita vinapoanza. Kwa hiyo mtu asemaye, “Sindano hii nilikwisha kudungwa zamani nisidhurike,” hajasema neno la kumkinga. Na yule ambaye safari iliyopita alitokwa na vipele vya mwili mzima mara baada ya sindano, asidhani kwamba safari hii vitakuwa vipele tu.

Yafaa kila askari azijue sura tatu za hatari hii.

Sura ya kwanza ni ya haraka. Huja dakika chache baada ya sindano, au muda usiozidi saa moja au mbili. Mwili huwasha, ngozi huinuka mabaka kama aliyeguswa na upupu, kope na midomo huvimba, sauti hukauka, kifua hubana, tumbo husokota, na mwisho mtu huanguka kwa kuwa damu haisukumwi tena kwa nguvu. Hali hiyo ikifika kifuani au kwenye mzunguko wa damu, yaweza kuua upesi kuliko jeraha la risasi. Penisilini, dawa nyingine za kuua vijidudu, sindano za maumivu na dawa ya sumu ya nyoka zote zimepata kuleta hali hii.

Sura ya pili ni ya kuchelewa, nayo huwadanganya wengi. Askari amekunywa dawa, siku zimepita, hata wiki mbili au tatu, amekwisha kusahau. Kisha hupatwa na homa, macho mekundu yenye kuuma, vidonda vya kinywani na ngozi inayouma ikiguswa. Baadaye ngozi hufanya malengelenge na kubambuka kama ya mtu aliyemwagikiwa maji ya moto. Madaktari wawili wa New York, Stevens na Johnson, waliueleza ugonjwa huu mwaka 1922, na hadi leo unaitwa kwa majina yao. Dawa za salfa ni miongoni mwa zinazouleta, na ile ya malaria iitwayo Fansidar imo katika jamii hiyo. Mwaka 1985 wakuu wa afya wa Marekani waliwaonya wasafiri wao juu ya kuinywa Fansidar kila wiki kwa kujikinga, baada ya baadhi yao kufa kwa ugonjwa wa ngozi wa namna hiyo. Mgonjwa wa sura hii hana muda wa kungoja. Dawa isimamishwe siku hiyo hiyo, na apelekwe hospitali.

Sura ya tatu ni ile iliyompata konstebo wetu: baka moja au mawili, yanayorudi mahali pale pale kila dawa inaporudiwa, na hupenda midomo na sehemu za siri. Mara nyingi haiui mtu, lakini yaweza kuua heshima yake na amani ya nyumba yake, kwa kuwa walio wengi hawaijui.

Hapa hatuna budi kuongeza neno moja. Vitabu vingi vya uganga viliandikwa na watu wa ngozi nyeupe juu ya wagonjwa wa ngozi nyeupe, na husema kwamba dalili ya mzio ni ngozi kuwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Ngozi hugeuka nyeusi zaidi, au ya zambarau, au haibadiliki rangi kabisa ila imeinuka. Kwa hiyo mganga asitazame kwa macho tu. Apitishe mkono, na aamini maneno ya mgonjwa asemaye kwamba mwili unamwasha. Pia atazame ndani ya kinywa na machoni.

Tukiligeukia suala la sindano, twaona kwamba watu wetu wengi huiamini kuliko kidonge. Mtu aliyepewa vidonge huona kama amedharauliwa, na aliyedungwa hurudi nyumbani ameridhika kabla dawa haijafanya kazi. Hiyo ni imani tu. Kwa maradhi mengi kidonge hutosha. Tena kidonge kikianza kuleta matata, mtu aweza kuacha kukinywa, lakini dawa ya sindano imekwisha kuingia yote, wala hakuna wa kuichomoa. Ndiyo maana sindano yafaa idungwe mahali penye mtu aliyesomea kazi hiyo, penye dawa ya adrenalini tayari, na aliyedungwa akae hapo hapo nusu saa kabla ya kuondoka. Askari anayedungwa sindano nyuma ya duka la soko, kisha akapanda pikipiki kwenda lindoni, amejiweka peke yake mbele ya adui bila silaha.

Na iwapo mwenzetu ameanguka baada ya sindano, tufanye nini? Alazwe chali, miguu iinuliwe. Akiwa hapumui vizuri, aachwe akae. Akitapika, alazwe ubavu. Asisimamishwe wala asitembezwe, hata akisema amepata nafuu, kwa maana wengine wamekufa kwa kuinuka ghafula. Mganga amdunge adrenalini katika paja, upande wa nje. Kwa mtu mzima kipimo chake ni nusu miligramu, na baada ya dakika tano aweza kurudia kama hali haijabadilika. Vidonge vya Piriton hupunguza mwasho, lakini havifungui koo lililoziba wala haviinui damu iliyoshuka. Wako waliopoteza maisha kwa sababu Piriton ilitangulia na adrenalini ikachelewa. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali akaangaliwe kwa saa kadhaa, kwani hali hiyo huweza kurudi.

Tumeyasema hayo yote, lakini neno letu kubwa ni moja: mwili wa askari ukikataa dawa, jambo hilo lisemwe na liandikwe.

Lisemwe na askari mwenyewe. Asubuhi katika foleni ya wagonjwa, watu thelathini wamesimama, mwenye sindano ana haraka, na nyuma yupo sajini anayetaka watu warudi kazini. Askari anakumbuka kwamba safari iliyopita sindano kama hii ilimvimbisha uso. Anaogopa kusema, asije akaitwa mwoga au mtegaji. Ananyoosha mkono anadungwa. Twasema kwamba hapo hakutii amri yoyote, kwa kuwa hakuna amri inayomtaka mtu afe kwa dawa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na sisi twasema kwamba mficha mzio naye yumo katika hesabu hiyo.

Liulizwe na mganga. Maswali ni matatu tu, wala hayachukui dakika moja: Je, dawa yoyote ilipata kukudhuru? Ilikufanya nini, na baada ya muda gani? Siku hizi unatumia dawa gani nyingine, hata ya dukani au ya mitishamba? Mganga asiyeuliza maswali hayo kabla ya kudunga anafanana na askari anayepiga risasi gizani bila kuuliza, “Nani huyo?”

Liandikwe na kikosi. Askari ni mtu wa kuhamishwa. Leo yuko Gulu, kesho Mbarara, na tangu mwaka 2007 maelfu ya askari wa Uganda wametumikia nchini Somalia. Zahanati aliyoizoea haihami pamoja naye. Siku akijeruhiwa hana fahamu, watakaompokea pengine ni waganga wa nchi nyingine wasioijua lugha yake. Kundi lake la damu wataliona limeandikwa. Na dawa inayoweza kumwua je? Kikaratasi kigumu chenye jina la dawa, mwaka na dalili zilizompata, kikiwekwa pamoja na kitambulisho chake, ndicho kitakachosema siku ambayo yeye hawezi kusema. Gharama yake ni ndogo kuliko ya risasi moja. Tena waganga wa vikosi wapeleke habari za matukio hayo kwa mamlaka ya dawa ya taifa, ili dawa inayodhuru watu wengi ijulikane mapema.

Tunajua kwamba wakuu wengine watatujibu hivi: mkifungua mlango huo, kila mtegaji atasema ana mzio, na sindano zitakataliwa kikosi kizima. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Huko Marekani, takriban mgonjwa mmoja katika kila kumi ameandikiwa katika faili lake kwamba hapatani na penisilini. Lakini walipopimwa sawasawa, zaidi ya tisa katika kila kumi ya hao walionekana hawana mzio huo. Wengine walipatwa na kichefuchefu tu, wengine walikuwa na vipele vya ugonjwa wenyewe, na wengine mzio wao ulikwisha baada ya miaka mingi. Hata sisi twakumbuka jinsi klorokwini ilivyowawasha watu wengi weusi hata wakaikimbia, na kumbe mwasho ule kwa kawaida haukuwa mzio wa kweli. Ndiyo maana hatusemi kwamba neno la askari liwe hukumu. Twasema lisikilizwe, liandikwe kwa usahihi, kisha daktari aamue. Na anayesema uongo ajue kwamba anajinyima mwenyewe dawa ambayo huenda siku moja itahitajika kumwokoa.

Kwani hatutaki hata kidogo kuwatia watu hofu ya dawa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mjini London mwaka 1928, iliokoa askari wengi waliojeruhiwa katika Vita vya Pili vya Dunia, na hadi leo ndiyo dawa ya kaswende. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa kaskazini mwa Uganda juu ya watoto na vijana zaidi ya 800 walioonyesha dalili za kwanza za ugonjwa wa moyo uletwao na homa ya baridi yabisi. Nusu yao walidungwa penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Katika waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa watu 3 tu. Katika wasiodungwa, ulizidi kwa 33. Na mzio wa ghafula? Katika maelfu ya sindano zile ulitokea mara moja, nao ulikuwa mwepesi. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli: faida ni kubwa, hatari ni ndogo, na hatari hiyo ndogo hushindwa na mtu aliyejiandaa.

Kwa hiyo anayetumia dawa za kifua kikuu au za UKIMWI, akiona vipele, asizitupe dawa chooni. Aende siku hiyo hiyo kwa daktari. Mwaka 1991 watafiti mjini Nairobi walionyesha kwamba dawa moja ya kifua kikuu, thiasetazoni, iliwabambua ngozi wagonjwa wengi waliokuwa na virusi vya UKIMWI, na baadhi yao wakafa. Jawabu halikuwa kuacha kutibu kifua kikuu. Dawa ile iliondolewa, nyingine ikawekwa mahali pake, na wagonjwa wakaendelea kupona. Lakini isingaliwezekana kuijua dawa yenye kosa kama wagonjwa wale wangalinyamaza, au waganga wao wasingaliandika.

Ndugu askari wa Jeshi na wa Polisi, wa kike na wa kiume: nchi imewapa bunduki, sare na kiapo, lakini mwili ni mmoja tu, wala hauna akiba ghalani. Mtu akikukabidhi silaha mbovu, unairudisha kwa heshima na kusema kasoro yake. Hakuna mkuu mwenye akili anayekuita mwoga kwa hilo. Dawa isiyopatana na mwili wako nayo irudishwe kwa heshima hiyo hiyo. Simama wima, sema, “Afande, dawa hii ilipata kunidhuru.” Nanyi wakuu, neno hilo likisemwa mbele yenu, msicheke wala msikemee. Agizeni liandikwe, na askari huyo apewe dawa nyingine.